Tumehifadhi Jembe, Tumesahau Tanuri

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kufika, walimu, wanafunzi, nanyi wageni. Wazee, shikamooni. Wengine wote, habari za leo.

Nimeombwa nizungumzie kazi za mikono na viwanda vya vijijini vya vizazi vilivyotutangulia. Nitaviita viwanda hotuba nzima, maana ndivyo vilivyokuwa. Tumezoea kuzichanganya kazi hizi na ngoma za kupokelea wageni: vitu vya kupendeza, vya kupigwa picha, vya kuuzwa kwa watalii. Na shuleni tumekaririshwa sentensi ambayo karibu kila aliye humu anaweza kuimalizia, kwamba kabla ya wakoloni watu wetu walilima kwa zana duni.

Basi leo tuichukue zana moja kati ya hizo, jembe la mkono, tuulize swali ambalo kitabu hakikuuliza. Chuma cha jembe hilo kilitoka wapi?

Hakikushushwa bandarini. Kilitoka katika mawe na mchanga wa nchi hii, na kukitoa humo si jambo la kubahatisha. Ndani ya jiwe, chuma kimeshikana na oksijeni. Ukilitia motoni tu, litapata moto, litapoa, litabaki jiwe. Ili viachane unahitaji makaa yatoe gesi ya kaboni itakayoichukua ile oksijeni. Unahitaji joto la nyuzi 1,200 hivi za selsiasi ili uchafu wa jiwe uyeyuke na kuchuruzika. Na unahitaji kuizuia hewa safi isizidi kipimo, kwa sababu ikizidi, chuma ulichokikomboa kinaungana tena na oksijeni na kazi yote imekwenda bure. Chuma chenyewe hakiyeyuki humo, kwa kuwa kinataka nyuzi 1,538. Kinachoyeyuka ni uchafu, na ukiganda ndio yale mavi ya chuma ambayo wakulima wa sehemu nyingi bado wanayagonga kwa jembe shambani bila kujua ni nini. Katikati ya tanuri hubaki bonge zito lenye matundu, limenasa vipande vya makaa. Hilo ndilo hupashwa moto tena, likapigwa nyundo na kupashwa na kupigwa, mpaka uchafu uliobaki utoke na chuma kishikane.

Waliofanya kazi hii hawakuwa na kipimajoto. Walisoma rangi ya moto, wakasikiliza mlio wake.

Twende Ufipa, kule Rukwa, maana Wafipa walikuwa na utaratibu ambao mimi kila nikiufikiria nauona ni wa ajabu. Walitumia tanuri mbili tofauti. Ya kwanza, ilungu, na zikiwa nyingi malungu, ni mnara wa udongo unaomzidi mtu kimo, mingine ikifikia mita 3. Hauna mivukuto. Chini umezungushiwa matundu yenye mabomba ya udongo, na moto ukishakolea, hewa ya moto inapopanda juu huvuta hewa mpya kupitia matundu yale. Mnara wenyewe ndio unaopuliza. Unajazwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, unawashwa, na kazi huendelea usiku na mchana bila mtu kushika mvukuto hata mmoja. Linalotoka humo bado ni chafu, kwa hiyo hupelekwa kwenye tanuri ya pili, kintengwe, ndogo, ya mivukuto, ambako husafishwa kwa moto mkali zaidi. Baada ya hapo ndipo linafika kwa mhunzi na fuawe yake. Hatua tatu, ili mkulima apate jembe moja. Malungu kadhaa bado yamesimama kule Nkasi na Sumbawanga, na anayepita anaweza kuyaona kwa macho yake.

Udongo wa kujengea walikuwa wakiuchukua kwenye kichuguu. Mchwa huupandisha juu udongo wenye chembe laini na kuyaacha mawe chini, akausindika kwa mate yake, na udongo huo ukikandwa hushikana vizuri na kustahimili moto. Mtu aliyegundua kwamba mdudu amekwisha kumchekechea udongo wake alikuwa mtu mwenye macho. Na hakuwa Ufipa peke yake, kwa sababu udongo wa kichuguu tunaukuta pia Buhaya, upande mwingine kabisa wa nchi.

Najua wapo wanaouliza kuhusu miiko. Ni kweli, ilikuwepo, na ilikuwa mikali. Fundi mkuu wa Ufipa alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala, na tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi arusi. Wakati wa kuyeyusha, wanaume walijitenga na wake zao. Wapo wanaoyacheka haya, na wapo wanaoyatukuza. Mimi naona jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita. Kazi iliyohitaji siku nyingi za kuchimba, za kukata kuni, za kuchoma makaa na za kujenga, na ambayo inaweza kuharibika kwa uzembe wa usiku mmoja, ilihitaji watu wasiotawanyika. Mwiko uliwakusanya mahali pamoja, ukawafanya waitilie kazi uzito, na ukaufunga ujuzi usitoke ovyo. Kwamba waliamini pia mambo ya mizimu, hilo ni lao, na tuliheshimu.

Sasa Buhaya. Hapa nitakaa kidogo, maana kisa cha Buhaya ndicho kilichonifanya nikubali mwaliko huu.

Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alikuwa akichimba katika eneo la Kagera. Pale Katuruka alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa miaka 2,000 na zaidi. Lakini mabaki ni mabaki, mashimo na vipande vya mabomba na mavi ya chuma. Hayasemi kazi ilifanywaje. Akawaendea wazee wa Kihaya waliokuwa wameshiriki kazi hiyo ujanani, kabla haijakoma, akawaomba waifanye tena.

Wakachimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu. Wakaleta matete ya bondeni, wakayachoma humo shimoni mpaka yakawa makaa mepesi yaliyojaa. Mawe ya chuma waliyachoma kwanza kwa kuni, yakakauka na kupasukapasuka, ndipo yakawa tayari. Juu ya shimo wakajenga mnara wa mavi ya chuma ya zamani yaliyoshikanishwa kwa udongo, kitu ambacho moto ulikuwa umekwisha kukipima. Wakaingiza mabomba 8 ya udongo, wakayasukuma mpaka ndani ya tanuri, kila moja na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, na vijana wakashika mivukuto huku wakiimba ili mikono iende pamoja.

Mara za mwanzo hawakufaulu vizuri. Walibadilisha, wakajaribu tena, wakarekebisha hiki na kile, mpaka chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika matokeo hayo katika jarida la Science. Walisema kwamba kwa kuwa mabomba yaliingia ndani sana, hewa ilipata moto ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba hivyo joto ndani ya tanuri likapanda sana. Wataalamu wengine wamelipinga dai la hewa kupashwa moto, na ubishi huo bado upo. Mimi sitauamua hapa. Ninachotaka mkishike ni hiki: wazee wale, waliokuwa wameifanya kazi wenyewe kwa mikono yao, baada ya miongo kadhaa ya kuiacha, walihitaji kukosea na kurudia ndipo ikawajia. Kilichokuwa kinakumbukwa kichwani hakikutosha. Mikono ilibidi ikumbushwe. Na kama yule mtafiti angechelewa miaka 20, asingekuwepo mzee hata mmoja wa kukumbushwa.

Kwingine kuna njia nyingine. Upare, kwa mfano, hawakuvunja mawe. Waliokota mchanga mweusi wa chuma ulioshushwa na vijito vya milimani, wakauosha mpaka mchanga mwepesi ukachukuliwa na maji na ule mzito ukabaki. Ugweno, Upare ya kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi, na simulizi za huko zinasema Washana waliwahi kutawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwaondoa. Chuma cha Upare kilivuka kwenda Uchagga, ambako wahunzi walikifua kuwa mikuki. Kule magharibi mwa nchi, Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walitoa majembe yaliyosafiri mbali, na katika jamii nyingi jembe la chuma lililipiwa mahari. Kitu kinachokubalika kuwa mahari ni kitu ambacho kila mtu anajua kimegharimu nini.

Nimekaa sana kwenye chuma. Niruhusuni nipite kwenye chumvi, maana chumvi nayo ilihamisha watu.

Uvinza, kwenye bonde la Malagarasi kule Kigoma, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia waliochimba pale mwishoni mwa miaka ya 1960 waligundua kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji yale tangu karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Hebu tafakarini urefu wa muda huo kwa kazi moja, mahali pamoja. Katika karne ya 19 kila kiangazi watu walitoka nchi za jirani, wakajenga vibanda vya majani kando ya chemchemi, wakachemsha maji katika vyungu, wakaondoka na chumvi yao baada ya kuwalipa watemi wa Uvinza sehemu yao. Mvua zikianza, vibanda viliachwa. Chumvi hiyo ilikwenda Buha, Burundi, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Pale palikuwa na kuni za kukata, vyungu vya kufinyanga, wapagazi, ushuru na msimu. Kama hicho si kiwanda, sijui tunakiita nini.

Na Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, kazi ya chumvi ni ya wanawake mpaka leo. Nataka mwione vizuri. Ardhi pale ina maji ya chumvi yanayopanda kutoka chini. Mwanamke hutandaza udongo mkavu juu ya kiwanja chake. Jua likiwaka, udongo ule mkavu hunyonya unyevu wa chini, maji yanakauka, chumvi inabaki imeshikwa na udongo. Siku ikikwisha anaukwangua. Anaujaza kwenye chungu chenye matundu chini, anamwagia maji, na maji yale yanachuja polepole yakibeba chumvi yote. Yanayodondoka ndiyo huchemshwa mpaka yakauke. Na udongo? Hautupwi. Unarudishwa kiwanjani, unatandazwa upya, unafanya kazi ileile kesho. Udongo huohuo umetumika hivyo kwa vizazi, na viwanja vimerithishwa katika familia, mama akimwachia binti. Uzalishaji usioacha taka, ambao leo tunaufanyia semina, kina mama wa Kibiro wameufanya kwa karne nyingi na wakauachia watoto wao.

Kuhusu nguo nitasema kwa kifupi. Pwani, Kilwa na miji mingine, wanaakiolojia wameokota vigurudumu vingi vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kutokana na vigae. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo za mji ule zilipelekwa mpaka Misri. Ndani ya bara, bonde la Rukwa lilifuma nguo nzito za pamba. Kisha kuanzia miaka ya 1830 ikaja merikani, ile nguo ya viwanda vya Marekani, nyeupe, ya bei nafuu, ikaingia na misafara ya biashara mpaka bara, na mfumaji mmoja baada ya mwingine akaona hakuna tena anayengoja siku nyingi apate shuka yake.

Lakini nguo ya gome haikufa. Buganda wanaifanya hadi leo, na Wahaya wetu waliifanya pia. Mti wake Waganda huuita mutuba. Fundi hukwangua ngozi ya juu ya shina, akakata mduara juu na mduara chini, akapasua kwa urefu, kisha akalibandua gome la ndani taratibu kwa kisu cha mgomba ili asilijeruhi shina. Papo hapo anaufunga mti kwa majani ya mgomba, kama kidonda. Mti unaota gome jipya, na mwaka mwingine anarudi. Mti mmoja hutunza familia kwa miongo kadhaa. Gome hulainishwa kwa mvuke, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kwanza mipana, halafu ya wastani, halafu myembamba kabisa, mpaka linapanuka na kuwa kitambaa, na likianikwa juani linageuka rangi ya kutu. Hupigiwa chini ya banda la wazi, kivulini, kwa sababu likikauka kabla ya wakati linapasuka. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Angalieni walichokitangaza: ufundi wa kutengeneza, mti wake na nyundo zake na fundi wake. Hawakutangaza kitambaa kilichofungiwa kwenye kabati la kioo.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kufika.

Makumbusho yetu yana vitu. Nendeni pale Dar es Salaam, nendeni Bujora kule Mwanza, mtakuta majembe, vyungu, mikuki, mivukuto. Nawashukuru waliovikusanya, maana bila wao tusingekuwa na hata hivyo. Lakini jembe lililotundikwa ukutani halisemi makaa yalitoka mti gani, wala ni nani aliyejua kwamba tanuri limeiva. Kitu ni hatua ya mwisho ya kazi. Tumeihifadhi hatua ya mwisho, hatua nyingine zote tumeziacha zife na wenyewe.

Niwape mfano wa kile kinachopotea. Niliwahi kukaa na mfinyanzi, bibi mmoja wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa. Wakisi wa upande wa Ikombe na Matema wanaishi kwenye ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima mirefu ya Livingstone. Ardhi ya kulima ni kidogo, kwa hiyo kina mama walifinyanga, vyungu vikapakiwa kwenye mitumbwi, vikaenda kubadilishwa na nafaka kwa majirani. Hadi leo vyungu hivyo vinafika kwenye soko la Lyulilo. Yule bibi alikuwa anakanda udongo, na mjukuu wake anakanda pembeni yake. Kwa macho yangu, madonge yote mawili yalikuwa sawa. Bibi akanyoosha mkono, akalibonyeza donge la mjukuu kwa kidole gumba, akasema, "Bado." Basi. Mtoto akaendelea kukanda. Baada ya muda akalibonyeza tena, safari hii hakusema kitu, akamsogezea kibao cha kuanzia chungu.

Nikamwuliza alihisi nini. Akafikiri, akasema udongo ambao haujawa tayari unakirudisha kidole, na uliokuwa tayari unakiacha. Nimejaribu, nami nikabonyeza yote mawili. Tofauti ipo, ni ndogo mno, na hakuna picha itakayoionyesha. Chungu kikifinyangwa kwa udongo usioiva, ufa hauonekani siku ile. Unaonekana siku ya kuchoma, baada ya wiki nzima ya kazi. Kidole cha bibi yule ndicho idara ya ubora ya kiwanda chake, na mjukuu alikuwa anakirithi kwa njia pekee inayowezekana, yaani kukaa pale.

Pwani nako ni vivyo hivyo. Wanawake wa Unguja na Pemba hufukia makumbi ya nazi ufukweni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakakaa miezi mingi mpaka nyama yake ioze na nyuzi zibaki. Huyafukua, huyaponda, husokota kamba za usumba juu ya paja. Ni kazi ya matope na harufu kali, ujira wake mdogo. Na kwa kamba za nazi kama hizo ndizo mitepe ilishonwa, vyombo vya baharini visivyo na msumari hata mmoja, vilivyobeba biashara ya pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Tunawajua manahodha na wafalme wa Kilwa. Wasokotaji hakuna aliyewaandika.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu kilikuwa kizuri. Ujuzi ulifungiwa ndani ya koo, na aliyezaliwa nje ya ukoo aliishia mlangoni. Kuna jamii zilizomhitaji mhunzi na kumdharau kwa wakati mmoja. Wamasai walipigana kwa mikuki ya wahunzi wao, Ilkunono, lakini hawakutaka kuoana nao. Tanuri zilikula misitu, maana makaa ya kuyeyusha chuma ni mengi mno. Wanawake walibeba udongo, kuni na maji, na mara nyingi sifa zikaenda kwa waliopiga nyundo. Hayo yote yaandikwe pia. Hatuwaheshimu wazee kwa kuwapaka rangi.

Sasa, kwa nini viwanda hivi vilikufa? Jibu la haraka ni kwamba vya Ulaya vilikuwa bora. Sikubaliani nalo, au tuseme ni sehemu tu ya jibu. Jembe la Ulaya lilikuwa rahisi kwa bei, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 lilizidi kuwa rahisi. Hilo ni kweli. Lakini tazameni kalenda. Kuyeyusha chuma ilikuwa kazi ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati vijana wana nafasi na kuni ni kavu. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kijana alipaswa kutafuta fedha au kutoa nguvu zake, akaenda kwenye mashamba ya mkonge au kwenye ujenzi wa reli. Tanuri halikukosa mzee wa kuliongoza. Lilikosa vijana wa kuvukuta na wa kujifunza. Halafu zikaja sheria za hifadhi za misitu, na kuchoma makaa kwa wingi kukawa kosa. Kiwanda kilichonyimwa wafanyakazi na nishati kwa wakati mmoja kingesimama vipi, hata kama bidhaa yake ni nzuri?

Ushahidi ninaoutegemea ni huu: wahunzi hawakutoweka. Waliotoweka ni wayeyushaji. Mhunzi alipata vyuma chakavu, vipande vya reli, baadaye springi za malori, akaendelea kufua majembe, visu na mashoka, na mpaka leo yupo. Wateja walikuwepo, kazi yake ilikuwa nzuri. Kilichokatika ni ile nusu ya kwanza ya kazi, nusu iliyohitaji vijana wengi, msitu na kiangazi kizima. Nchi ilipopata uhuru tulijaribu kujenga upya. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kule Ubungo tulijenga kiwanda cha zana za kilimo kwa msaada wa China. Ni mambo mazuri. Lakini mashine zilikuja na mafunzo yake, na mzee wa Ufipa hakuna aliyemwita aje aseme anachokijua kuhusu hewa na moto.

Walimu, nina ombi kwenu, na ndilo hasa lililonileta. Msiwatume wanafunzi wakaandike insha ya umuhimu wa kazi za mikono. Wapelekeni kwa mtu anayefanya kazi, wakae, washike udongo, washike ukindu, wavute mvukuto. Waandike hatua kwa mpangilio wake, kwa maneno ya fundi mwenyewe, hata kama ni ya lugha ya nyumbani ambayo haimo kwenye kamusi. Simu mlizo nazo zinarekodi video. Rekodini mikono, kwa sababu kila mmoja wetu huelekeza kamera usoni.

Na waulizeni maswali yanayofaa. "Kazi hii ina umuhimu gani?" si swali, fundi atawajibu kwa heshima tu ili muondoke. Muulizeni udongo anauchimba wapi, na pembeni yake kuna udongo gani ambao hauchukui, na kwa nini. Muulizeni anajuaje kwamba umetosha. Muulizeni ni kitu gani kikitokea anaacha kila kitu na kuanza upya, na ni kosa gani mwanafunzi hufanya kwanza. Kwenye makosa ndiko ujuzi ulikojificha, na hayo ndiyo wazee wale wa Buhaya walilazimika kuyarudia peke yao kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyaandika.

Wazee wetu, nanyi nina neno. Najua baadhi yenu mmeacha kusema kwa sababu mlipoanza kusema mlichekwa. Wengine mmefungwa na ukoo, na kuna mambo hamruhusiwi kuyatoa. Yasiyoruhusiwa bakini nayo. Lakini yale ya mikono, ya moto, ya maji, ya mti gani na msimu gani, tunaomba mtupe. Kwenye meza iliyo pale mlangoni kuna daftari. Mwandikishe jina la kazi mnayoijua na mahali mnapopatikana, hata kama mara ya mwisho mliifanya mkiwa watoto wa kutumwa kuni tu, maana aliyetumwa kuni anajua kuni zipi zilikataliwa. Walimu watawafuata nyumbani kiangazi hiki, kabla mvua hazijaanza.

Ahsanteni sana.